Kijenzi Kisichopatikana: Jinsi MDX Inavyoshughulikia Pengo katika Hati

Katika sarufi ya Kiswahili, sentensi "Kimefika" haina kasoro, ingawa haitaji kilichofika. Kiambishi ki- chaelekeza kwenye nomino ya ngeli ya ki-/vi- ambayo msikilizaji anatazamiwa kuijua: chakula, kitabu au cheti. Asipoijua, kasoro haimo katika sentensi bali katika mazingira ya usemi, na mtu achunguzaye sentensi peke yake hawezi kuiona. Makala haya yanachunguza tatizo la namna hiyo hiyo lililojitokeza katika uwanja mwingine, nao ni uandishi wa hati za kompyuta zinazotaja vijenzi ambavyo havipatikani.

MDX ni muundo wa hati unaounganisha mambo mawili. La kwanza ni Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za vichwa, orodha na mkazo. La pili ni JSX, namna ya kutaja vijenzi vya programu kwa lebo zinazofanana na zile za HTML. Kijenzi ni kipande cha programu chenye jina lake, ambacho kazi yake ni kuchora sehemu moja ya ukurasa. Kwa mfano, hati ya somo la Kiswahili yaweza kuwa na lebo <Mfano> inayozunguka sentensi ya kufundishia, na lebo <Sauti/> mahali ambapo mwanafunzi atasikiliza matamshi. Programu ya kutafsiri, yaani kompaila, huisoma hati hiyo na kuigeuza yote kuwa msimbo wa JavaScript. Msimbo huo ndio unaoendeshwa baadaye na kuzaa ukurasa.

Vijenzi vyenyewe vyaweza kuagizwa na hati, kwa mstari maalumu unaotaja faili vilimo. Vyaweza pia kukabidhiwa na programu inayouonyesha ukurasa, au kutolewa mara moja kwa ajili ya kurasa zote za tovuti. Njia hizi mbili za mwisho hupendwa, kwa kuwa zamruhusu mwalimu aandike <Sauti/> bila kujua faili lake liko wapi. Lakini ndizo zinazozaa tatizo. Kompaila ikikuta jina Sauti ambalo halikuagizwa ndani ya hati, haiwezi kulihukumu kuwa kosa, kwa maana huenda likaletwa wakati wa kuonyesha ukurasa. Hali yake ni ile ya mwanasarufi mbele ya "Kimefika": umbo ni sahihi, na kinachorejelewa kiko nje ya maandishi.

Basi hapana budi uamuzi uahirishwe, na swali ni nini kifanyike wakati wa kuendesha ukifika na kijenzi hakipo. Toleo la 1 la MDX, lililotoka mwaka 2019, lilichagua upole. Mahali pa kijenzi kilichokosekana liliweka kisanduku cha kawaida cha HTML, likaandika onyo katika kumbukumbu za programu, mahali ambapo msomaji wa kawaida hafiki. Kwa <Mfano> madhara yalikuwa madogo, kwani sentensi iliyozungukwa ilibaki na pambo lake tu ndilo lililopotea. Kwa <Sauti/> mambo yalikuwa mengine kabisa. Lebo hiyo haina maneno ndani yake, hivyo kisanduku kilichowekwa kilikuwa kitupu, na kisanduku kitupu hakionekani. Mwanafunzi angesoma agizo la kusikiliza, kisha asione cha kusikiliza, wala mwalimu asipate habari.

Toleo la 2, la mwaka 2022, liliacha upole huo, na toleo la 3 la mwaka 2023 likaufuata ukali uleule. Kompaila sasa hutenganisha majina yaliyofafanuliwa ndani ya hati na yale yanayotazamiwa kutoka nje. Kwa kila jina la kundi la pili huingiza ukaguzi katika msimbo wenyewe: kabla ya chochote kuchorwa, huulizwa kama kijenzi kimepokewa. Kisipokuwepo, uendeshaji husimama kwa ujumbe unaokitaja kwa jina na kueleza kwamba huenda kimesahauliwa kuagizwa, kukabidhiwa au kutolewa. Katika hali ya matayarisho, ujumbe huonyesha hata mstari na nafasi ya lebo katika faili. Lebo ikiwa <Somo.Sauti/>, ujumbe hubainisha kama kilichokosekana ni Somo zima au Sauti iliyo ndani yake.

Ukali huu ni bora kuliko kimya, ila una gharama yake: lebo moja iliyosahauliwa huangusha ukurasa mzima. Anayeangukiwa hutegemea wakati wa kuchora. Kurasa zikichorwa kabla ya kuchapishwa, kosa humkuta mtayarishaji mezani pake. Zikichorwa katika kivinjari, laweza kumkuta msomaji. LaTeX, kwa upande wake, hufuata njia ya kati kwa marejeo yasiyopatikana: huendelea kutoa hati, lakini huchapa alama mbili za kuuliza kwa wino mzito mahali palepale pa pengo, na kutoa onyo. MDX haina desturi hiyo.

Umebaki mtego mmoja unaowahusu sana waandishi wa Kiswahili, waliozoea kuandika nomino za kawaida kwa herufi ndogo. Katika JSX, jina la kijenzi linaloandikwa peke yake huanza kwa herufi kubwa. Mwalimu akiandika <sauti/>, kompaila huichukua kuwa lebo ya HTML na haiweki ukaguzi wowote. Kivinjari nacho hakiikatai lebo kisichoijua, na utupu wa toleo la 1 hurudi kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni programu ndogo ya nyongeza inayoupitia mti wa hati kabla ya msimbo kutolewa, ikiorodhesha kila lebo na kuilinganisha na orodha ya vijenzi vya tovuti pamoja na ile ya lebo halali za HTML. Kwa orodha hizo mbili, <sauti/> hukamatwa siku ileile ilipoandikwa.