KISIWANI KWA SHILINGI KIDOGO: Panga safari yako kutoka Bariadi

Ukimwuliza mwanafunzi wa Bariadi kama amewahi kutalii, wengi watakujibu, "Aah, utalii ni mambo ya Wazungu na wenye fedha." Je, na wewe unafikiri hivyo? Basi endelea kusoma.

Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, unagusa Ziwa Viktoria upande wa Busega. Kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni kama kilomita 72 tu, tena kwa lami. Hata hivyo wapo vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne bila kukanyaga kisiwa hata kimoja. Wanalijua ziwa kwenye ramani ya Jiografia na kwenye dagaa wa sokoni, basi.

Safari ya siku moja kisiwani inawezekana kwa kundi la darasa au klabu, kama ile ya Malihai, ambayo imekuwa ikiwafundisha wanafunzi wa Tanzania mambo ya wanyama na mazingira tangu mwaka 1980. Kinachotakiwa ni kupanga mapema, kuhesabu vizuri na kujua hatari za majini kabla ya kuzifikia.

TWENDE KISIWA GANI?

Viko vitatu ambavyo watu wa kwetu huvitaja sana.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Ina msitu mkubwa na sokwe walioletwa miaka ya 1960. Ni pazuri mno, lakini ni mbali, upande wa Geita, na gharama yake ni kubwa. Kiweke kwenye ndoto zako za baadaye.

Ukerewe ni kisiwa cha watu, chenye mashamba, mji na shule. Mnaweza kupita Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi, au kupanda meli Mwanza. Lakini Ukerewe inataka mlale, na kulala kunaongeza fedha na maswali: wasichana watalala wapi, nani atawaangalia, mlango una kufuli?

Saanane ndicho kisiwa cha mfuko mdogo. Kiko ndani ya jiji la Mwanza, karibu na Capri Point, na mashua huchukua dakika chache tu. Jina lake linatokana na mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale. Mwaka 1964 Serikali ilifungua hapo bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania. Mwaka 2013 kisiwa kikawa Hifadhi ya Taifa. Ni kidogo, eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, kwa hiyo mnaweza kukizunguka kwa miguu bila kuhitaji gari. Hiyo peke yake imeshawaokolea fedha.

Mtaona nini? Mawe makubwa yaliyopandana, kama yale ya usukumani lakini yakiwa yamezungukwa na maji. Mtaona pimbi wakiota jua, tumbili, swala pala, kenge, mijusi wa rangi rangi na ndege wa majini. Mamba nao wapo. Kama kijijini kwenu kuna ngitili, mtaelewa haraka: pale watu wasipokata wala kuchunga ovyo, miti na wanyama hurudi wenyewe.

HESABU KWANZA, SAFARI BAADAYE

Safari nyingi za shule hufia kwenye hesabu. Watu wanachanga bila kujua wanachangia nini, mwishowe fedha hazitoshi na maneno yanaanza. Fanyeni hivi.

Chagueni kamati ya watu watano, wasichana na wavulana. Mmoja awe mweka hazina, mwingine aandike daftari la michango, na mwalimu atunze fedha. Daftari lisomwe mbele ya wote kila wiki mbili.

Kisha tafuteni bei halisi. Msikisie. Ulizeni wenye magari watatu tofauti. Pigeni simu ofisi ya hifadhi iliyoko Mwanza, waulizeni kiingilio cha Watanzania, nauli ya mashua na gharama ya mwongozaji. Waambieni umri wenu, kwa sababu wenye miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha watoto. Ulizeni pia namna ya kulipa, maana siku hizi hifadhi hazipokei noti getini. Mnapewa namba ya malipo na kulipia benki au kwa simu.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu, ninyi mtaweka zenu. Tuseme mko wanafunzi 25 na walimu 2, jumla 27, na walimu hawachangi.

Gari kwenda na kurudi: 400,000
Kiingilio na mashua, 10,000 kwa kila mtu: 270,000
Chakula cha pamoja, 2,000 kwa kila mtu: 54,000
Akiba ya dharura: 76,000
Jumla: 800,000

Gawanya kwa wanafunzi 25. Kila mmoja anachanga shilingi 32,000. Mkianza kuweka mwezi Februari, mna wiki 16 mpaka mwisho wa Mei. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa wiki.

Sasa angalia jambo moja. Kama wanafunzi 11 watajitoa mkabaki 14, gari bado ni 400,000 ile ile. Kiingilio na chakula vitapungua, lakini kila mmoja atatakiwa kutoa zaidi ya 47,000. Ndiyo maana majina yafungwe mapema. Msijaribu kuokoa fedha kwa kushindilia watu 40 kwenye gari la 28. Hapo hamjaokoa kitu, mmenunua ajali.

Na wale ambao 2,000 ni mzigo? Usiwacheke, na wala usiwaache. Klabu inaweza kulima bustani ya mchicha, kuuza karanga siku za michezo au kufyatua matofali, na faida ikawafidia wenzenu. Wazazi wengi wa Simiyu hushika fedha msimu wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Mkipanga safari likizo ya Juni, itakuwa rahisi kwao kumalizia.

RATIBA YA SIKU MOJA

Kutoka Bariadi hadi Mwanza kupitia Lamadi na Magu ni karibu kilomita 200. Hesabuni saa nne.

Saa 11 alfajiri: kuondoka
Saa 3 asubuhi: kufika Mwanza, chai na choo
Saa 4: kupanda mashua
Saa 7 mchana: kurudi nchi kavu, chakula
Saa 8 mchana: kuanza safari ya kurudi
Saa 12 jioni: Bariadi

Mtaona kwamba tumekataa kusafiri usiku. Kutakuwa na mshikaji atakayesema, "Tukae kidogo, saa 11 ndiyo tuondoke." Mwambieni hapana. Dereva aliyeamka saa 9 usiku amechoka, na barabara ina ng'ombe.

Mkibakiwa na dakika kumi, pitieni kuliona jiwe la Bismarck ziwani, karibu na kivuko cha Kamanga. Kulitazama kutoka ufukweni hakulipiwi.

MASHUA: USIONE HAYA KUKATAA

Mkiingia Mwanza kwa barabara ya Musoma mtapita Igoma. Hapo wamezikwa wengi wa waliokufa kwenye meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Hatukuambii haya ili uogope ziwa. Tunataka ujue kwamba chombo kilichojaa kupita kiasi ni hatari hata kama ufuko unauona kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya kupanda hesabuni watu, hesabuni na majaketi ya kuokolea. Kila mtu avae lake, alifunge kamba zote, asilikalie kama mto. Kaeni chini. Asisimame mtu kupiga picha. Kama mawingu ni meusi na upepo umepanda, subirini. Tumieni mashua ya hifadhi, si ya mtu atakayewaita pembeni kwa bei poa. Ukiona hakuna jaketi lako, sema "sipandi". Si woga huo, ni akili.

KICHOCHO: ADUI USIYEMWONA

Joto la saa sita, maji yanang'aa, unataka kuingia uoge kidogo. Ngoja kwanza!

Ziwa Viktoria lina kichocho. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au kando ya maji, mayai ya minyoo huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo. Humo huongezeka, kisha hutoka na kuogelea wakitafuta ngozi ya binadamu. Wakikupata, hupenya kwa dakika chache. Huhitaji kidonda wala kunywa maji. Kukanyaga tu kunatosha.

Hapa kwetu kuna aina mbili. Ya ziwani ni kichocho cha tumbo. Huleta maumivu ya tumbo na choo chenye damu, na kikikaa miaka huharibu ini na kuvimbisha tumbo. Ya pili ni kichocho cha mkojo, ambacho hupatikana kwenye malambo na madimbwi ya bara, na dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo. Wapo wavulana wanaodhani mkojo wa damu ni dalili ya kuwa mwanamume sasa. Si kweli hata kidogo. Ni ugonjwa, na wasichana nao huupata.

Fanya nini? Usioge wala kutembea ndani ya maji ya ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Jisaidie chooni tu, kabla ya mashua na baada yake. Ukilowana, jifute haraka, lakini usitegemee taulo kama kinga. Baada ya wiki sita hadi nane nenda kituo cha afya ukapime, hata kama huumwi. Ipo dawa nzuri, prazikwanteli, inayoua minyoo hiyo. Lakini haikukingi usiambukizwe tena. Ukirudi majini, unaweza kuanza upya.

KWENYE MFUKO WAKO

Maji ya kunywa yaliyochemshwa, lita mbili. Usichote ya ziwa.
Kofia au kitenge, na viatu vya kufunga. Mawe huteleza.
Chakula kisichooza: matobolwa na karanga za kukaanga, viazi vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, ndizi. Chipsi za njiani zitamaliza fedha zako kabla ya Magu.
Sabuni kipande na karatasi za chooni.
Pedi au vitambaa safi kwa wasichana, hata kama siku hazijafika. Gari hutikisa, ratiba hubadilika. Kamati iwe na za ziada.
Dawa zako kama una pumu, kifafa au selimundu, na umwambie mwalimu mapema.
Daftari na kalamu.
Mfuko mtupu wa taka. Mlichokuja nacho mrudi nacho.

Usiwalishe tumbili. Wakishazoea mkate wa watu huanza kupora, na wanaweza kuuma. Jiwe usitupe, ua usichume.

Je, kama wazazi wanakataa? Usitoroke. Wapelekee karatasi yenye ratiba, hesabu, majina ya walimu na namba za simu. Mzazi anayesema "hakuna fedha" mara nyingi anauliza, "Mwanangu atarudi salama?" Jibu swali hilo kwanza.

Sasa chukua kalamu. Andika majina 25, mchague kamati, mpige simu tatu za bei. Ukimaliza hayo wiki hii, tayari safari imeanza.