Vigeu vya Mazingira, Sehemu ya Pili: Thamani Inayodumu Baada ya Kompyuta Kuzimwa

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani, ambalo kila programu hulipokea inapoanza kazi. Utaratibu huu uliingia katika toleo la saba la Unix mwaka 1979, pamoja na sheli iliyoandikwa na Stephen Bourne wa Bell Labs, nao haujabadilika sana tangu hapo. HOME hutaja saraka ya mtumiaji, PATH huorodhesha saraka ambamo amri hutafutwa, na LANG huonyesha lugha ya kutumia.

Amri kama export EDITOR=nano huweka thamani mara moja, lakini dirisha la terminali likifungwa, thamani nayo imekwenda. Sababu yake ni namna urithi unavyofanyika. Mchakato unaozaliwa hupewa nakala ya vigeu vya mzazi wake. Ukibadilisha kitu katika nakala hiyo, mabadiliko hushuka kwa watoto wake tu, hayapandi kwa mzazi wala hayavuki kwenda dirisha la jirani. Ili thamani idumu, lazima iandikwe katika faili linalosomwa kila mara kabla ya kazi kuanza. Kuandika mstari ni kazi ya dakika moja. Kinachowasumbua wengi ni kujua uandikwe katika faili lipi.

Katika kompyuta ya mezani yenye Ubuntu na sheli ya Bash, faili linalofaa kwa mahitaji mengi ya mtumiaji mmoja ni ~/.profile. Husomwa mtumiaji anapoingia, hata akiingia kwa uso wa picha, kwa hiyo programu zinazofunguliwa kwa kubofya aikoni hupata thamani zake sawa na zile za terminali. Faili la ~/.bashrc, ambalo maelekezo mengi hulitaja kwanza, husomwa na kila sheli mpya ya terminali. Mahali hapo panafaa vifupisho vya amri na mapambo ya kidokezo. Anayeandika JAVA_HOME humo atashangaa kuona terminali inaijua Java huku programu aliyoifungua kwa kubofya ikidai haipo.

Bash inapoanza kama sheli ya kuingilia, husoma kwanza /etc/profile, kisha hutafuta ~/.bash_profile, ~/.bash_login na ~/.profile kwa mpangilio huo, na kusoma la kwanza linalopatikana. Yanayofuata huachwa. Kwa hiyo mtumiaji, au programu fulani ya kusakinisha, akiunda ~/.bash_profile, yote yaliyokuwa katika ~/.profile hunyamaza bila onyo lolote.

Thamani inayowahusu watumiaji wote huandikwa katika /etc/environment, au katika faili lenye mwisho wa .sh ndani ya /etc/profile.d. La kwanza si hati ya sheli: humo huandikwa jina, alama ya sawasawa na thamani tu. Neno export halihitajiki, na $HOME haigeuzwi kuwa anwani ya saraka. Yote mawili huhitaji idhini ya msimamizi, yaani sudo.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili ni LANG. Maktaba ya GNU inayotumiwa na Linux ina mpangilio wa sw_KE kwa Kenya na sw_TZ kwa Tanzania. Kwanza mpangilio huzalishwa kwa locale-gen, kisha locale -a huonyesha jina lake kamili, na jina hilo ndilo huandikwa baada ya LANG=. Mtumiaji akitoka na kuingia tena, amri ya date itataja siku na miezi kwa Kiswahili. Menyu ni suala jingine: hutegemea kama kuna aliyezitafsiri.

PATH ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Mstari sahihi ni export PATH="$HOME/zana:$PATH", bila nafasi kandokando ya alama ya sawasawa. Mwandishi akisahau $PATH ya mwisho, orodha ya zamani hufutika, na hata ls haipatikani. Katika hali hiyo amri huitwa kwa anwani kamili, kwa mfano /usr/bin/nano ~/.profile, na kosa kurekebishwa. Kosa likizuia hata kuingia kwenye uso wa picha, kubonyeza Ctrl, Alt na F3 hufungua skrini ya maandishi, ambayo nayo huweza kutumika kusahihisha faili.

Mabadiliko ya ~/.profile hujaribiwa papo hapo kwa amri ya source ~/.profile, na matokeo kukaguliwa kwa printenv. Jaribio hilo huihusu sheli ileile tu. Programu zilizokwisha kufunguliwa hubaki na thamani za zamani. Ili eneokazi lote lipate mpya, mtumiaji sharti atoke na kuingia upya.