Motokaa Ndogo za Ulaya na Njia za Sosiot

Kila mwaka malipo ya nyongeza ya majani chai yanapotolewa, wakulima kadhaa wa Sosiot huanza kufikiri habari ya kununua motokaa. Wengine huuliza kwa nini motokaa ndogo za Ulaya, zile ambazo mlango wa nyuma huinuliwa juu pamoja na kioo chake, kama Volkswagen Golf na Polo, ni chache katika njia za Kericho, hali Toyota Probox zimejaa tele. Je, haziwezi kuuzwa huku?

Zaweza, lakini kuna vizuizi. Cha kwanza ni usukani. Katika Kenya magari hupita upande wa kushoto wa njia, na motokaa ya kawaida haiandikishwi ila usukani wake uwe upande wa kuume. Basi Golf iliyokuwa ikitumiwa Ujerumani au Ufaransa haifai kuletwa, hata ingawa ni nzuri namna gani. Tena, motokaa iliyokwisha kutumika isiwe imepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa sababu hizo ziko Golf zilizoundwa Ujerumani, zikauzwa Japani, ndipo zikaletwa Mombasa. Ni safari ndefu kwa chombo kidogo.

Njia ya pili ni kuziunganisha hapa hapa. Mwezi wa Desemba 2016 motokaa ya Polo Vivo ilianza kuunganishwa Thika, kwa vipande vilivyotoka Afrika Kusini. Lakini motokaa mpya, hata iliyounganishwa nyumbani, hushindana na ile iliyotumika Japani miaka saba, ambayo bei yake imekwisha kushuka. Na mwenye fedha za msimu mmoja tu hutazama bei kwanza.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani Golf iliitwa Rabbit, nayo ilipendwa wakati petroli ilipokuwa ghali. Volkswagen ikafungua kiwanda Pennsylvania mwaka 1978 ili kuitengeneza huko huko. Petroli iliposhuka bei, Wamarekani wakarudia motokaa kubwa, na mwaka 1988 kiwanda kikafungwa. Golf ya kawaida iliacha kuuzwa huko baada ya ile ya mwaka 2021. Zikabaki zile zenye mbio tu.

Mtu wa Sosiot hapimi petroli peke yake. Motokaa yake itabeba magunia ya mbolea, madumu ya maziwa, na mgonjwa usiku wa mvua, katika njia ya udongo yenye mifereji. Probox ina nafasi ndefu nyuma, na fundi wa sokoni aijua. Golf ni imara katika lami, lakini tumbo lake li karibu na nchi, na spea yake huenda ikangojwa kutoka Nairobi huku motokaa imesimama uani. Anayeitamani na amwulize kwanza fundi wake bei ya springi na ya giaboksi, kabla ya kulipa hata shilingi moja.