Jinsi ya kuokoa maandishi yaliyokwama katika tarakilishi kuukuu

AKIBA haiozi, walinena wahenga. Lakini wahenga hao hawakuwa na tarakilishi. Akiba ya maandishi iliyowekwa ndani ya kipakatalishi cha miaka ya themanini au tisini huoza, tena huoza kimya kimya. Betri huvuja na kula nyaya za ndani, usumaku wa diski hufifia, na siku mwenyewe anapoikumbuka, mashine haiwaki.

Yamkini nawe unayo mashine ya aina hiyo kabatini. Huenda ndani yake mna mswada wa riwaya ambao haukuchapishwa, kumbukumbu za mikutano ya chama, au barua za mzazi aliyeaga dunia. Habari njema ni kwamba maandishi hayo aghalabu yanaweza kuhamishwa hadi kwenye tarakilishi ya kisasa. Habari mbaya ni kwamba kila mwaka unaopita hupunguza nafasi hiyo.

Ugumu wenyewe unatokana na milango. Tarakilishi ya leo huzungumza na vifaa vingine kupitia USB au mtandao usiotumia waya. Tarakilishi ya zamani haivijui vitu hivyo. Nayo diski laini, ambayo zamani ilikuwa daraja kati ya mashine moja na nyingine, imetoweka. Kampuni ya Apple iliiacha katika iMac ya mwaka wa 1998, na Sony ikakoma kuitengeneza mnamo 2011. Inabidi basi kutafuta lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa.

Lugha hiyo ipo. Ni mlango wa mawasiliano unaoitwa RS-232, ambao hupitisha herufi moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja. Takriban kila tarakilishi ya kubebwa ya enzi hizo ilikuwa nao.

Mfano wa Model 100

Tuchukue mfano wa TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera ya Japani na kuuzwa nchini Marekani na kampuni ya Tandy kupitia maduka ya Radio Shack kuanzia mwaka wa 1983. Ilikuwa na ukubwa wa daftari pana, ilitumia betri nne ndogo za aina ya AA, na skrini yake ilionyesha mistari minane yenye herufi 40 kila mmoja. Kumbukumbu yake ilianzia kilobaiti 8 na iliweza kuongezwa hadi 32.

Wanahabari waliipenda sana. Mwandishi aliweza kuandika taarifa akiwa uwanjani, kisha akaituma kwa chumba cha habari kupitia laini ya simu, kwa kuwa mashine ilikuwa na modemu ndani yake. Modemu hiyo ilisafirisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi. Taarifa ya herufi 5,000 ilifika kwa muda usiotimu dakika tatu.

Ni muhimu kufahamu jambo moja. Model 100 haina diski ndani yake. Maandishi hukaa katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo ya ndani, ambayo haiwezi kudumu miaka mingi bila kuchajiwa. Mashine iliyolala kabatini tangu miaka ya themanini imekwishasahau kila kitu. Maandishi yaliyosalia, kama yapo, yatakuwa kwenye kanda za kaseti ambazo wengi walizitumia kuhifadhia kazi zao. Kwa hivyo usiitupe kaseti yoyote iliyo kando ya mashine kama hiyo ukidhani ni ya muziki. Iunganishe mashine na kinasa sauti, uyarejeshe maandishi kwenye kumbukumbu, kisha ndipo uyahamishe.

Kebo na mipangilio

Vifaa vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni kigeuzi cha USB kwenda RS-232, kinachochomekwa kwenye tarakilishi ya kisasa. Hakikisha kwamba ni cha RS-232 halisi. Vipo vingine vinavyofanana navyo, vilivyokusudiwa saketi ndogo za volti 3.3 au 5, na umeme wa mlango wa zamani, ambao huweza kufika volti 15, utaviunguza.

Cha pili ni kebo ya kupishana. Katika mlango huu, waya mmoja ni wa kusema na mwingine ni wa kusikia. Kebo ya kawaida ikiunganisha tarakilishi mbili, zote husemea kwenye waya mmoja na kusikilizia kwenye mwingine ulio kimya. Kebo ya kupishana hupeleka mdomo wa moja kwenye sikio la nyingine. Mweleze fundi kuwa unaunganisha tarakilishi kwa tarakilishi, wala si tarakilishi kwa modemu, naye atafahamu.

Kisha pande zote mbili sharti zikubaliane kuhusu kasi na mpangilio wa herufi. Katika Model 100, fungua programu ya TELCOM, bonyeza kitufe cha "Stat" na uandike 88N1E. Nane ya kwanza ina maana ya biti 9,600 kwa sekunde. Ya pili, biti nane kwa kila herufi. N, kwamba hakuna biti ya ukaguzi. 1, biti moja ya kumalizia. Na E, kwamba mpokeaji anaruhusiwa kumwambia msemaji asite kidogo.

Kwenye tarakilishi ya Windows, tumia programu kama Tera Term na uweke mipangilio iyo hiyo. Iamuru ihifadhi ndani ya faili kila kinachopokelewa. Rudi kwenye Model 100, bonyeza "Term", kisha "Up", na utaje jina la faili. Maandishi yataanza kutiririka kwenye skrini ya tarakilishi ya kisasa. Kumbukumbu nzima ya kilobaiti 32 huhamishwa kwa muda wa nusu dakika hivi. Ukiona herufi zisizoeleweka, mipangilio ya pande mbili haijalingana. Ukiona herufi zinaruka, punguza kasi.

Njia hii ina kasoro moja: hakuna anayehakiki kilichofika. Dawa yake ni kutuma faili mara mbili, kisha kulinganisha nakala hizo kwa amri ya FC iliyomo katika Windows. Zikitofautiana, tuma tena.

Vipakatalishi vya DOS

Vipakatalishi vilivyotumia mfumo wa DOS vina njia inayokaribiana na hiyo. Andika MODE COM1:9600,N,8,1 ili kuweka kasi, kisha COPY BARUA.TXT COM1, nayo barua itapita kwenye mlango.

Kwa faili zisizo maandishi matupu, ni heri kutumia programu zenye uhakiki. Xmodem, iliyobuniwa na Ward Christensen mwaka wa 1977, hukata faili vipande vya baiti 128 na kuambatisha hesabu kwa kila kipande. Mpokeaji hufanya hesabu yake. Ikitofautiana, kipande hurudiwa. Kermit, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka wa 1981, nayo hutuma kwa vipande vinavyohakikiwa. Tera Term hufahamu zote mbili.

Hata hivyo, njia ya waya huchosha pale mzigo unapokuwa mkubwa. Kwa biti 9,600, diski laini moja ya megabaiti 1.44 huchukua dakika 26 hivi, na diski ngumu ya megabaiti 20 huchukua saa sita. Hapo ni bora kuzisoma diski zenyewe.

Vipo visomaji vya diski laini za inchi 3.5 vinavyotumia USB. Kabla ya kuingiza diski, sogeza kile kijifuniko cha plastiki kwenye kona hadi tundu lionekane, ili tarakilishi isiweze kuandika chochote juu yake. Diski za zamani za Macintosh, za kilobaiti 400 na 800, hazisomeki katika visomaji hivi, kwa sababu zilizungushwa kwa kasi iliyobadilikabadilika.

Vipakatalishi vingi vya miaka ya tisini vilikuwa na diski ngumu ya inchi 2.5 yenye pini 44. Diski hiyo inaweza kuchomolewa na kuunganishwa kwa kigeuzi cha USB. Ikichomekwa kinyume inaweza kuharibika, hivyo asiye na uzoefu amwachie fundi, mathalan wale wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mwambie kabla hajaigusa kwamba unataka data, wala hutaki mashine itengenezwe. Fundi asiyejua hilo anaweza kuifuta diski kwa nia njema kabisa.

Baada ya kuhamisha

Kazi haiishii hapo. Faili inaweza kufika salama na bado isisomeke. Maandishi ya WordPerfect hufunguka katika LibreOffice, ambayo hupatikana bila malipo. Yale ya WordStar ya zamani yakifunguliwa kama maandishi matupu huonyesha herufi ya ajabu mwishoni mwa kila neno, maana programu hiyo iliongeza biti moja kwenye herufi ya mwisho. Biti hiyo ikiondolewa, maneno hurudi yalivyokuwa.

Hifadhi faili asili bila kuigusa, na kando yake uweke nakala ya maandishi matupu ambayo tarakilishi yoyote inaweza kuyafungua. Kisha gawa nakala hizo mahali zaidi ya pamoja.

Maadamu mashine bado inawaka, ianze kazi hiyo wiki hii. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mswada uliofutika hauna mwandishi wa kuuandika tena.