Nyuki wa Tanga wamesifiwa kupita kiasi

Vita vya Tanga vya mwaka 1914 vikitajwa, kinachowatoka watu kwanza kinywani ni nyuki. Waingereza walikuja na meli zao, wakaumwa na nyuki, wakarudi walikotoka. Hadithi tamu, na mimi mwenyewe nimewahi kuisimulia hivyo hivyo. Leo nataka kuwapunguzia nyuki sifa hizo.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilitokea mbele ya bandari. Nahodha wake akawataka Wajerumani wasalimu amri, kisha akauliza kama bandari ilikuwa imetegwa mabomu. Adui unamuuliza jambo kama hilo, na jibu lake unaliamini! Muda mwingi ukapotea katika kuyasaka mabomu ambayo hayakuwamo. Nyuma ya manowari hiyo walikuwa wanakuja askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, waliokwisha kuchoshwa na safari ndefu ya bahari. Mjini Tanga wakati huo kulikuwa na kikosi kidogo tu.

Hapo ndipo reli ilipofanya kazi yake. Njia ya Usambara ilikuwa imekwisha kufika Moshi, na kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa huko juu na sehemu kubwa ya jeshi lake. Simu ilipomfikia aliwapakia askari kwenye treni, kundi baada ya kundi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Yeye mwenyewe aliwasili usiku wa tarehe 3 na kuzunguka mjini kwa baiskeli. Kumbuka pia kwamba Gavana wake, Schnee, hakutaka miji ya pwani ipiganiwe.

Tarehe 4 Waingereza, walioteremkia Ras Kasone, walisonga mbele kupitia vichaka na mashamba ya mpira. Baadhi yao waliingia mjini mpaka forodhani. Askari wa Kijerumani wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, wakawazunguka ubavuni kwa bunduki za rashasha, na safu za Waingereza zikavunjika. Nyuki nao walikuwapo, hilo silikatai. Risasi ziliichana mizinga iliyokuwa mitini, nao wakatoka kwa hasira. Lakini nyuki hajui bendera. Waliwauma Wajerumani na askari wao vile vile, na zile habari za kwamba Wajerumani waliwatega kwa nyaya ni uvumi wa walioshindwa.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha zaidi ya 300 wamekufa. Miongoni mwa Wajerumani waliouawa alikuwemo Tom von Prince, yule Bwana Sakarani aliyepigana na Mkwawa. Jenerali Aitken aliyeongoza shambulio alishushwa cheo.

Lakini kwa mwananchi wa kawaida kilichokuwa kikubwa zaidi ni vitu vilivyoachwa pwani: bunduki mamia, rashasha kadhaa, na risasi 600,000. Askari wengi wa von Lettow walikuwa bado wanatumia bunduki za zamani zenye kutoa moshi mwingi, unaomwonyesha adui mahali ulipo. Sasa wakapata silaha za kutosha kombania tatu, na kamanda wao akapata sauti mbele ya Gavana aliyekuwa hataki vita. Tanga yenyewe Waingereza waliiingia tarehe 7 Julai 1916, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka kuelekea kusini. Vita viliendelea mpaka von Lettow alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Katika miaka hiyo yote chakula kilichukuliwa vijijini na majeshi ya pande zote mbili, na wanaume wakatwaliwa kubeba mizigo. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa na maradhi, na majina yao hayakuandikwa.