Mwethya hauna mshahara, mbona watu hurudi?

Kiangazi kikikaza Kitui, mito mingi hubaki mchanga mtupu. Huo ndio wakati wa kujenga mabwawa ya mchanga. Asubuhi na mapema wanakijiji huteremka mtoni na majembe, sururu na mitungi. Huchimba hadi mwambani, hubeba mawe, hupokezana karai za zege. Saruji na fundi huletwa na shirika, kama vile SASOL iliyoanza Kitui mwaka 1990, au Utooni, iliyoanzishwa na Joshua Mukusya na wenzake mwaka 1978. Nguvu ni ya wenyeji. Jioni hakuna anayepanga foleni kupokea ujira, na kesho yake wako pale pale.

Ushirikiano huo Wakamba huuita mwethya. Bosi anayelalamika kwamba wafanyakazi wake hawana moyo wa kazi angefaidika sana akishinda siku moja mtoni humo.

Angeona kwanza kwamba kila mmoja anajua kazi yake inakwenda wapi. Ukuta ukikamilika, mvua huleta mchanga ukajaa nyuma yake, na maji hujihifadhi ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie. Aliyebeba jiwe mwezi wa tisa ndiye atakayechota maji mwaka unaofuata. Angeona pia kwamba viongozi wamechaguliwa na wenyewe, na kwamba watu wanaimba.

Historia ya Ukambani ina somo lililo wazi zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Machakos, wilaya ambayo siku hizo ilijumuisha Makueni, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu hao walikuwa bado na kidonda: mwaka 1938 walikuwa wameandamana hadi Nairobi, Muindi Mbingu akiwaongoza, kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao. Matuta yalichimbwa, ila kwa kinyongo. Katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya vikapewa nafasi, vikajichagulia viongozi na kulimiana mashamba kwa zamu. Jembe lilikuwa lile lile na jua lile lile, lakini matuta yakaenea kwa kasi. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli.

Hata hivyo, tajiri asikimbilie kufurahi. Mwanamwethya hujenga bwawa lake mwenyewe, ilhali mwajiriwa hujenga la mwingine. Kwa hiyo mshahara hutangulia, tena ulipwe kwa tarehe yake. Waulize wahudumu wa afya wa jamii. Kwa miaka mingi walizunguka vijijini kwa kujitolea, wakiambulia shukrani. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, ikaahidi shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Pesa hizo hazimtajirishi mtu. Lakini pamoja nazo ulikuja mkoba wenye mashine ya kupimia shinikizo la damu na vifaa vingine, pamoja na simu ya kuwekea taarifa. Anayebisha hodi akiwa na mkoba huo huaminiwa mlangoni, na yeye mwenyewe huiona kazi yake kuwa kazi.

Vivyo hivyo kwa fundi wa cherehani. Kiwanda cha nguo cha Kaunti ya Kitui, KICOTEC, kilichoko Syongila, kilianza mwaka 2018. Korona ilipoingia mwaka 2020, mafundi wake wakageukia kushona barakoa. Si kila kazi humpa mtu nafasi ya kuiona ikiwa usoni pa jirani yake.

Kuna mambo ambayo waajiri wengi huyaita marupurupu, kumbe ni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mama, na maji safi ya kutosha kazini. Katika nchi kavu kama hii, kumnyima mtu maji ya kunywa halafu kumpa cheti cha mfanyakazi bora ni dhihaka.

Basi Jumatatu ijayo, mwenye duka la jumla Wote, mwenye hoteli Mtito Andei au mkuu wa idara Kitui, kabla hajaitisha kikao cha kuhimiza bidii, na ajiulize maswali matatu. Maji ya kunywa yapo? Ratiba ya likizo imebandikwa mahali ambapo kila mtu anaiona? Na pendekezo la mwisho la mfanyakazi kukubaliwa hapa lilikuwa lini? Swali la tatu likikosa jibu, asishangae wafanyakazi wake wakifanya kazi kama wachimba matuta wa mkoloni.