Chai ya Uani: Mmea Mmoja, Vikombe vya Namna Nyingi

Zao la chai limekuwa sehemu ya maisha ya milima ya Rungwe tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, kaya nyingi zinazochuma chai kwa ajili ya kiwanda hununua dukani majani ya kunywa nyumbani. Makala haya yanawaeleza wakazi wa kata zetu aina za chai, na namna ya kuotesha michache uani.

Aina za chai

Wengi hudhani kwamba chai ya kijani hutokana na mmea wake wa pekee. Sivyo. Chai nyeusi, ya kijani na nyeupe zote hutoka katika mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Tofauti huanza baada ya kuchuma. Jani likisokotwa na kuachwa lipigwe na hewa, hugeuka rangi ya shaba, nayo ndiyo chai nyeusi. Likipitishwa kwenye mvuke mapema, mabadiliko hayo huzuiwa, likabaki kijani. Chai nyeupe ni chipukizi changa zilizonyaushwa na kukaushwa bila kusokotwa.

Mmea huo una jamii mbili kuu: ya China, yenye majani madogo na inayostahimili baridi, na ya Assam, yenye majani mapana na inayopenda joto na mvua. Mchaichai na rosela si chai kwa maana hii, wala havina kafeini.

Udongo kwanza

Chai hupenda udongo wenye tindikali, wa pH kati ya 4.5 na 5.5, wenye kina na usiotuamisha maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Mahali palipo karibu na jiko huonekana pana rutuba, lakini majivu yanayomwagwa hapo siku zote hupunguza tindikali. Mche hugeuka manjano, hudumaa, kisha hufa, na mwenyewe husema mbegu ilikuwa mbaya. Chagueni mahali pasipomwagwa majivu wala chokaa.

Kuotesha na kutunza

Kateni kipande cha tawi la kadiri, lisilo laini mno wala gumu mno, chenye jani moja na jicho moja, urefu wa sentimita 3 hadi 4. Kichomekeni katika kiriba chenye udongo wa tabaka la chini, usiotiwa samadi. Wekeni viriba chini ya kivuli, mvifunike kwa nailoni ili unyevu usipotee. Mizizi huchukua takriban miezi mitatu kutoka. Mche ukifikisha mwaka mmoja hivi, upandwe mvua zinapoanza.

Mti wa chai ukiachwa hurefuka kupita kimo cha mtu mara kadhaa. Kwa hiyo upogolewe mapema ili utanuke na kubaki usawa wa kiuno. Uchumaji wa kawaida huanza mwaka wa tatu: majani mawili na chipukizi, basi.

Kutengeneza nyumbani

Kwa chai ya kijani, pitisheni majani kwenye mvuke dakika moja au mbili, myasokote kwa viganja, kisha myakaushe. Kwa chai nyeusi, yatandazeni kivulini usiku mzima yanyauke, myasokote hadi utomvu utoke, myaache saa mbili au tatu, kisha myakaushe kwa moto mdogo usio na moshi mpaka yavunjike mkononi. Msichume kamwe majani yaliyonyunyiziwa dawa karibuni.

Tahadhari ya afya

Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Jambo hili ni zito kwa mama wajawazito na watoto, ambao upungufu wa damu huwadhuru zaidi. Mjamzito anywe chai walau saa moja kabla au baada ya mlo, na mtoto mdogo asipewe chai badala ya uji au maziwa.

Anayetaka kuuza jani bichi aonane kwanza na chama cha ushirika cha wakulima, kwani jani lisipofika kiwandani siku ileile huharibika. Kwa ushauri wa udongo na miche, muoneni Afisa Ugani wa kata yenu kabla ya kuchimba shimo la kwanza.